Sotoka, Nyumbu na Elimu ya Kuhesabu

Wasomaji wetu wa pwani wengi huisikia Serengeti kuwa ni nchi ya simba na watalii. Mimi nataka kuitaja kuwa ni darasa. Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, hunisomea daftari lake la bayolojia kwa ghaibu kama nilivyosoma mimi Juzuu Amma. Siku moja nikamwuliza: "Haya yamejulikanaje?" Akanijibu: "Yameandikwa, babu." Katika elimu ya hadithi jibu hilo lisingepita, mwanafunzi huulizwa habari imetoka kwa nani, naye huyo aliipata wapi.

Sotoka, maradhi ya ng'ombe, iliingia Afrika ya Mashariki yapata mwaka 1890 ikitokea upande wa Ethiopia. Mifugo iliteketea, Wamasai wakafa njaa, na porini wakafa nyumbu na mbogo. Baada ya hapo maradhi yakawa yakirudi tena na tena kuua ndama wa nyumbu. Wengi, hata wataalamu, waliamini kwamba mnyama wa porini ndiye ghala la ugonjwa, naye ndiye amwambukizaye ng'ombe. Dhana hiyo ilikuwa na sura ya ukweli, na ndiyo maana ilidumu.

Mwaka 1958 Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliruka kwa ndege ndogo wakawahesabu wanyama kwa macho. Walipata nyumbu karibu laki moja. Michael alikufa Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Mwaka 1961 ikafanywa hesabu nyingine kwa picha zilizopigwa kutoka angani, ikatoa zaidi ya laki mbili. Jicho huchoka, lakini picha huweza kuhesabiwa mara ya pili na mtu mwingine.

Katika miaka hiyo hiyo ng'ombe wanaoizunguka hifadhi walikuwa wakichanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Watafiti wakachukua damu ya nyumbu, wakaipima kwa kufuata umri wa mnyama. Wakaona kwamba waliozaliwa baada ya 1963 hawakuwa tena na alama ya sotoka. Basi ghala la ugonjwa lilikuwa zizini, na mnyama wa porini ndiye aliyekuwa akidhulumiwa na ng'ombe wetu!

Nyumbu wakaongezeka, hata kufika 1977 wakapindukia milioni moja. Hapo mtu mwepesi angesema kazi imekwisha. Lakini huenda ni mvua? Huenda ni ulinzi dhidi ya majangili? Anthony Sinclair, aliyekuja Serengeti mwaka 1965, na wenziwe wa chuo cha utafiti kilichoanzishwa Seronera mwaka 1966, walimtazama pundamilia. Huyu anakula nyasi zile zile, anawindwa na simba wale wale, lakini hacheui, wala sotoka haimpati. Wakaona mbogo wameongezeka kama nyumbu, na pundamilia wamebaki karibu na idadi yao ya zamani, yapata laki mbili. Mimi si mtu wa maabara, lakini hoja hii naiona nzuri kuliko mashine zote: kumtafuta yule ambaye sababu unayoidhania haikumgusa, ukamlinganisha na aliyeguswa.

Seronera imo katika wilaya ya Serengeti, na Tarime ni jirani yake kwa upande wa kaskazini. Vijana wa kule, watoto wa wafugaji, wanayo mazizi ya kuhesabu na madaftari ya kuandikia. Wetu wa pwani wanao samaki wa dema, wanao mikoko, wanao kaa. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuwaambia waandike tarehe, wahesabu, wasirekebishe tarakimu ili ifanane na kitabu, na kesho warudi pale pale.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani kote. Mjukuu wangu ameanza na mbuzi wa jirani. Juzi alipata kumi na sita, jana kumi na saba, na leo asubuhi amekwenda kuhesabu tena.