Ruhusa, Idhini na Kibali

Neno ruhusa asili yake ni Kiarabu, rukhsa, na shina lake limebeba maana ya wepesi na unafuu. Shina hilohilo ndilo lililozaa rahisi. Kwa mafakihi, rukhsa ni nafuu ya sharia: msafiri hula mchana wa Ramadhani, kisha akalipa. Aliyeruhusiwa, basi, ni aliyetuliwa mzigo. Rais Ali Hassan Mwinyi (1985–1995) alipofungua milango ya biashara, watu walimwita Mzee Ruksa, wakalirejesha neno kwenye unafuu wake.

Idhini ina shina moja na adhana. Ndani yake mna sikio na kusikia. Kibali nalo ni ndugu wa kubali, yaani kuridhia.

Maneno haya yalipanda bara kutoka pwani, hata Likunja, kata ya Ruangwa iliyo jirani na Nachingwea, katika nchi ya Wamwera. Huko uzito wake ulionekana. Mradi wa karanga, ulioidhinishwa London mwaka 1946, ulifyeka misitu ya Nachingwea, ukavunjwa mwaka 1951. Idhini ilikuwapo, lakini sikio lilikuwa mbali na wenye nchi.

Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kumgawia mtu ardhi. Wanakijiji wasiposikilizwa, karatasi yaweza kuwa na mhuri, idhini isiwemo.