Kilichoandikwa Boyoma, kikachapwa kwingine

Tarehe 2 Julai 2025 Patrice Lumumba angetimiza miaka 100. Maadhimisho ya namna hii hutuletea Lumumba yule yule tunayemjua: Lumumba wa hotuba ya 30 Juni 1960, Lumumba aliyefungwa kamba mikononi, Lumumba wa jino moja lililobaki, lililozungushwa nchini Juni 2022 ndani ya jeneza, likapita Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mimi nimekuwa nikimtafuta mwingine. Namtafuta karani wa posta wa Stanleyville (ndilo jina la kikoloni la Kisangani, mji wetu wa Boyoma), kijana mwembamba mwenye miwani aliyejitolea kuwahudumia wasomaji katika maktaba ya Wakongo, kisha akahariri kigazeti cha chama cha wafanyakazi wenzake.

Ukimfuata huyo karani unajikuta ndani ya historia ya uchapishaji ya mji huu. Ni historia ya mji unaoandika sana, huku kazi ya kuchapa ikifanywa na miji mingine.

Wa kwanza kuonja hali hiyo ni mtu ambaye ndugu zetu wa pwani wanamhesabu kuwa wao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alifanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mkataba na Mfalme Leopold, yaani alitawala hapa petu kwa jina la Mzungu. Akiwa mzee Unguja aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayanakili kwa herufi za Kilatini, akayatafsiri, na kazi ikatoka Berlin mwaka 1902 na 1903. Biashara yake ya pembe na watu siipambi kwa neno lolote, maana walioilipia ni watu wa huku. Lakini si jambo dogo kwamba liwali wa Maporomoko aliacha kitabu, tena kwa Kiswahili, na kitabu chenyewe kikazaliwa mbali na Maporomoko.

Wageni waliopita nao walifanya vivyo hivyo. Conrad alifika Septemba 1890, na hadithi yake ikatoka katika jarida la Edinburgh mwaka 1899. Naipaul alikuja Zaire mwaka 1975, na riwaya yake ya mji usiotajwa jina, ambao kila Mboyoma anautambua tangu kurasa za mwanzo, ikatoka London mwaka 1979. Hao tuwaache, wana wasimulizi wao wa kutosha.

Ukishuka mto kilomita kama 20 unafika Yakusu, kituo cha Wabatisti wa Uingereza kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Mmisionari wa hapo, Walter Stapleton, alitunga kitabu cha kulinganisha lugha za Kongo. Mwaka 1903 kikapigwa chapa na misheni yao ya Bolobo, safari ndefu ya meli kuelekea Kinshasa. Baadaye Yakusu ikapata mtambo wake mdogo, na kukawa na kigazeti cha Kilokele, Mboli ya Tengai. Kilikuwa kigazeti cha misheni, na mwenye mtambo ndiye mwenye neno la mwisho. Hata hivyo walimu na wauguzi Wakongo walikiandikia. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alipokuja kuandika juu ya uzazi na tiba Yakusu, katika kitabu chake cha mwaka 1999, kurasa hizo zilimpa sauti ambazo majalada ya serikali hayana. Kigazeti cha watu wachache, kwa lugha ya watu wa ukingo mmoja wa mto, kiliishia kuwa shahidi.

Tena Walokele hawakuwa wakingoja mtambo wa mtu ili habari zisafiri. Walikuwa na gogo lililochongwa tumbo, lokole tunavyoliita kwa Kilingala, lenye midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yanafanana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, mpigaji hasemi neno tupu. Analisindikiza na sifa zake, msemo mzima, mpaka msikilizaji wa kijiji cha pili asiwe na shaka. Mmisionari John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938, alijifunza lugha hiyo akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1949, wakati vijana wa shule walikuwa wameshaanza kuiacha. Kilichapwa wapi? London. Carrington angalau alirudi kukaa nasi. Alikuja kufundisha katika chuo kikuu hapa mjini.

Na Kiswahili chetu, hiki ambacho Wazungu walikiita Kingwana? Mwaka 1928 John Whitehead alitoa mwongozo wa kukisoma, na mahali pa mchapishaji pakaandikwa misheni ya Wayika, kituo kilicho juu ya mto, upande wa Lualaba. Wayika! Leo ukimtajia mwanafunzi jina hilo atakuuliza ni wapi. Kuna wakati sarufi ya Kiswahili cha Kongo ilibeba jina la kituo kile kana kwamba ndicho Oxford yetu.

Sasa turudi kwa karani. Hapa nimeegemea zaidi kitabu cha Jean Omasombo na marehemu Benoît Verhaegen juu ya ujana wa Lumumba, na kumbukumbu za Mfaransa Pierre Clément, aliyekuja kufanya utafiti mjini mwaka 1952 akampata Lumumba kuwa msaidizi wake. Kumbukumbu hizo zilitoka mwaka 1962 katika Présence Africaine, na mtu anayetoka humo ni mwenye njaa ya kusoma kuliko njaa ya madaraka.

Lumumba alifika Stanleyville mwaka 1944 akiwa na miaka 19, akaingia posta. Shule alikuwa ameiacha njiani, kwa hiyo alijisomesha. Mtu anayejisomesha ana tabia moja: anachosoma usiku anataka kukijibu asubuhi. Akaanza kutuma makala. Alizituma kwa La Voix du Congolais, jarida lililohaririwa na Antoine-Roger Bolamba, na kwa La Croix du Congo. Yote mawili yalikuwa ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Hapa mjini palikuwa na magazeti, Le Stanleyvillois na L'Écho de Stan, lakini hayo yalikuwa magazeti ya Wazungu, na Mkongo alisomwa humo zaidi kama habari.

Ikabaki njia ya chama. Wafanyakazi Wakongo wa posta wa Jimbo la Mashariki walikuwa na chama chao, APIPO. Lumumba akawa kiongozi wake na mhariri wa kigazeti chake, L'Écho postal. Vitabu vingi juu yake vinaipitia habari hiyo kwa nusu sentensi, kisha vinakimbilia siasa. Mimi naona hapo ndipo siasa yenyewe ilipozaliwa. Mhariri wa kigazeti cha chama hana jimbo zima la kulihutubia. Ana makarani wenzake, anawajua kwa majina, na kesho atakutana nao kaunta akisikia makala yake ilimkera nani. Nani alimfundisha Lumumba kuandika sentensi fupi inayouma? Sidhani kama ni vitabu vya maktaba peke yake.

Julai 1956 akakamatwa. Alidaiwa kuchota fedha za hundi za posta, zaidi ya faranga 100,000. Wenzake mjini walichanga kuzirudisha, hukumu ikabaki. Akiwa gerezani akaandika mswada wa kitabu kizima: Kongo, nchi ya kesho, je, imo hatarini? Ndivyo ninavyoitafsiri anwani yake ya Kifaransa. Ndani alizungumzia mishahara, ndoa, ubaguzi wa kila siku, zile kadi ambazo Mkongo alipewa kuthibitisha kwamba amestaarabika. Kadi hiyo yeye mwenyewe aliwahi kunyimwa, akakata rufaa, akaipata mwaka 1954. Alipendekeza umoja wa Wabelgiji na Wakongo wenye heshima sawa. Uhuru wa haraka hakuudai.

Angeuchapisha wapi? Mtambo wa misheni usingeugusa mswada wa mfungwa, magazeti ya Wazungu nayo tumekwisha kuyasema, na kigazeti cha posta kilikuwa kimempoteza mhariri. Mswada ukaenda Brussels, kwa wachapishaji wa Office de Publicité. Haukutoka mwaka 1957 wala mwaka 1958, alipoanzisha chama cha siasa cha MNC na wenzake. Haukutoka hata alipokuwa Waziri Mkuu, na hapo nadhani mwandishi mwenyewe asingeutaka tena utoke, kwa sababu hakuwa tena yule aliyeuandika. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Mwaka huo huo kitabu kikatoka.

Fikiria msomaji wa mwaka 1961. Redio imemwambia Lumumba ni moto wa petroli, au imemwambia ni shujaa aliyewakaripia Wabelgiji mbele ya mfalme wao. Anafungua kitabu anakutana na karani mpole anayesifu baadhi ya kazi za Ubelgiji na kuomba uvumilivu. Kilimfaa nani kitabu hicho, kwa wakati huo, kutoka mji huo? Mwaka 1962 kikatoka kwa Kiingereza kikiwa na dibaji ya Colin Legum, na ubishi ukasambaa. Hata sasa, ukikaa na wazee wa hapa wanaojiita Walumumba, wapo wanaokwambia kitabu kile kisisomeshwe watoto, na wapo wanaokipenda kuliko hotuba zote kwa kuwa humo Lumumba bado anafikiri. Mimi niko na hao wa pili, lakini hasira za wa kwanza nazielewa. Mswada ule ungechapwa hapa mwaka 1957, nakala 200 tu, ungejibiwa. Makarani wangemwambia umelegea. Angeandika toleo la pili akiwa hai. Badala yake ulikaa miaka minne kwenye saraka ya watu wengine, ukatoka siku ambayo mwenyewe hawezi kusema neno.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. MNC ilikuwa na gazeti lake hapa Stanleyville, nalo likapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipoushika mji, gazeti lao likaitwa Le Martyr. Magazeti ya vita huzaliwa na kufa na utawala wake, na tarehe 24 Novemba mwaka huo askari wa miamvuli wa Ubelgiji walipotua, mji ulikuwa na mambo mengine ya kuomboleza.

Pigo ambalo halizungumziwi sana lilikuja bila risasi. Waprotestanti walikuwa wamefungua chuo kikuu hapa mwaka 1963. Mwaka 1971 Mobutu akaviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja na kugawa vitivo kama mtu anavyogawa nyama: fasihi ikaenda Lubumbashi, sisi tukabakiwa na sayansi, saikolojia na ualimu. Mwaka huo huo V. Y. Mudimbe, aliyefariki Aprili 2025, alikuwa na wenzake wakianzisha Éditions du Mont Noir, nyumba ndogo iliyowapa washairi na waandishi wa riwaya wa Kongo mahali pa kutokea. Mudimbe akafundisha Lubumbashi, na wanafunzi wa fasihi wakamfuata huko. Sisemi kwamba Kisangani ingekuwa na Mont Noir yake. Nasema tulinyang'anywa hata nafasi ya kushindwa. Verhaegen alifanya kazi hapa miaka hiyo, na kituo chake cha utafiti, CRIDE, kikawa na majarida yake. Hayo yalikuwa ya wataalamu. Kwa wengine kulikuwa na gazeti la Boyoma, na katika miaka ya chama kimoja gazeti lilijua linamsifu nani.

Kisha vita. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10, na makombora hayakuchagua nyumba ya mwalimu wala ya mvuvi. Baadaye tumekuwa na Mongongo, gazeti la hapa hapa, ambalo jina lake kwa Kilingala ni sauti. Faustin Linyekula alihamishia Studios Kabako hapa mwaka 2006, kampuni ya dansi na michezo ya jukwaani iliyobeba jina la rafiki yake aliyekufa kijana kwa tauni. Katika onyesho lao la Dinozord walitumia maandishi ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa mfungwa wa gereza la Makala, Kinshasa. Safari hii maneno ya mfungwa hayakungoja mwenyewe afe ndipo yasikike. Lakini yalisikika jukwaani, dukani huyapati.

Leo mtambo wenye shughuli kuliko yote mjini ni fotokopi. Shuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mbele ya chuo kikuu ukaone: profesa ametoa silabasi, kijana wa kibanda anaizalisha, mwanafunzi anailipia karatasi kwa karatasi. Profesa huyo huyo akiandika kitabu cha kweli, anakipeleka L'Harmattan, Paris. Kitabu kinene juu ya jimbo letu, Tshopo, chini ya uhariri wa Omasombo, kilitolewa mwaka 2020 na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kutoka Kinshasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa mto, na boksi la vitabu linapanda baada ya saruji, bia na samaki wa chumvi.

Kitabu cha Lumumba ninacho. Nilikipata kibandani, fotokopi ya fotokopi, herufi zimevimba na kona za kurasa zimeingia giza. Ukurasa wenye jina la mchapishaji haumo. Nilimuuliza kijana wa kibanda akaangalia rundo lake, akasema ndivyo kilivyomfikia.