Kabla ya Kumtupa Mbwa Anayejikuna, Angalia Anachokula

Mjomba wangu ana shamba la minazi na mbuzi wachache upande wa Kikambala, na mlinzi wake wa usiku ni mbwa aitwaye Simba. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Simba alikuwa akijikuna mchana na usiku. Masikio yalinuka, makwapa yalikuwa mekundu, na nyayo alizilamba mpaka manyoya yakageuka rangi. Akidungwa sindano hutulia wiki mbili tatu, kisha mambo huwa yale yale. Majirani walisema ni upele mbaya, apelekwe mbali akatupwe. Mmoja alijitolea kuleta sumu.

Simba hakutupwa. Tatizo lilikuwa kwenye sufuria yake: sima na mchuzi wa matumbo ya ng'ombe, kila siku ya Mungu. Kulijua hilo kulichukua zaidi ya miezi miwili ya subira. Naandika hatua tulizopitia kwa sababu mbwa wengi wa ulinzi hapa kwetu hufukuzwa au kuuawa kwa ugonjwa ambao dawa yake ni chakula.

Mzio wa chakula ni nini

Mzio, au aleji kama wengi tusemavyo, ni mwili kukosea. Kinga yake huiona protini ya chakula cha kawaida kama adui na kupambana nayo. Mwenye mbwa husema, "Lakini amekula hivi tangu mdogo." Ndivyo mzio ulivyo: mwili hujifunza kukikataa kile ulichokutana nacho mara nyingi, hata baada ya miaka.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya habari za mbwa karibu 300 wenye mzio wa chakula, ulionyesha kwamba nyama ya ng'ombe iliwadhuru asilimia 34, vyakula vya maziwa asilimia 17, kuku asilimia 15 na ngano asilimia 13. Tazama orodha hiyo, kisha fikiria tunachowapa: matumbo, vichwa vya kuku, mabaki ya mkate na chai ya maziwa.

Dalili kubwa ni muwasho usiokwisha mwaka mzima, hasa kwenye masikio, nyayo, makwapa, kinena na sehemu ya haja. Masikio huoza, yakatibiwa, yakaoza tena. Baadhi ya mbwa huharisha, hutapika au huenda haja mara nyingi kwa siku.

Ondoa kwanza mengine

Si kila mbwa anayejikuna ana mzio wa chakula. Sababu ya kwanza ya kushuku ni viroboto, na kwa joto na unyevu wa Pwani, viroboto havina likizo. Mtibu mbwa, na usisahau mahali anapolala. Kisha daktari wa mifugo amkwangue ngozi kidogo aangalie kwa darubini kama kuna wadudu wa upele, maana aina moja ya upele wa mbwa huweza kuwawasha hata watu wa nyumbani. Vidonda na masikio yaliyoingia usaha yatibiwe kabla ya kugusa chakula, la sivyo hutajua kilichomponya ni dawa au ni chakula.

Tafadhali usimwogeshe mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Mbwa hufa kwa njia hiyo. Wala usitumie pesa kwa vipimo vya damu, mate au nywele vinavyodai kutaja chakula kinachomdhuru. Majibu yake hayategemewi. Kipimo cha kuaminika ni chakula chenyewe.

Kuchagua chakula kipya

Keti uandike kila kitu anachokula mbwa wako, pamoja na anavyotupiwa na watoto na anavyookota jaani. Baada ya hapo chagua nyama moja ambayo hajawahi kuila na chakula kimoja cha wanga, basi. Usichanganye nyama mbili.

Jihadhari na jamaa wa karibu. Mbwa aliyekataliwa na nyama ya ng'ombe anaweza kudhurika pia na kondoo au mbuzi, na wa kuku anaweza kudhurika na bata. Samaki ni mzuri kwa mbwa wa bara, lakini huku kwetu ni mbwa gani hajala kichwa cha samaki? Sisi tulichagua sungura na viazi vitamu. Sungura ni halali kwetu pia, kwa hiyo jirani anayefuga alipochinja, sehemu ilibaki nyumbani na sehemu ikaenda kwa Simba.

Chakula kichemshwe kwa maji matupu: bila chumvi, mafuta, tui wala viungo. Toa mifupa yote, kwani mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo masalio ya pilau na biriani si sadaka kwake. Zabibu na chokoleti pia ziwe mbali. Kiasi cha kumpa kwa siku, daktari atakukadiria kulingana na uzito wake.

Anayetaka chakula cha paketi asome orodha ya vilivyomo nyuma ya mfuko, asidanganywe na picha ya mbele. Mfuko ulioandikwa kondoo mara nyingi una kuku ndani. Kuna pia chakula maalumu cha madaktari, ambacho protini yake imevunjwa vipande vidogo sana hata mwili usiitambue. Kinafaa, ila bei yake si ya kila mfuko.

Siku kumi za kuhama

Tumbo la mbwa halipendi mabadiliko ya ghafla. Ukigeuza chakula kwa siku moja ataharisha, nawe utadhani chakula kipya ndicho kibaya. Hama hivi:

Siku ya 1 hadi ya 3: robo chakula kipya, robo tatu cha zamani.
Siku ya 4 hadi ya 6: nusu kwa nusu.
Siku ya 7 hadi ya 9: robo tatu kipya, robo cha zamani.
Siku ya 10: kipya peke yake.

Akiharisha kidogo, rudi hatua moja nyuma, ukae hapo siku mbili. Akitapika mfululizo, akiharisha damu au akikataa kula kabisa, mpeleke kwa daktari.

Wiki nane bila kuonja kingine

Hesabu ya jaribio huanza siku ya kumi, chakula cha zamani kinapokwisha kabisa. Mbwa wengi wenye mzio wa chakula huonyesha nafuu ndani ya wiki tano, na zaidi ya asilimia 90 ndani ya wiki nane. Anayekata tamaa wiki ya tatu hajajaribu kitu.

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na sisi tulishindwa mara ya kwanza. Wiki ya nne Simba alianza kujikuna upya. Kumbe kila usiku alikuwa akitoka kupitia tundu la ua na kwenda jaani, na mpwa wangu alikuwa akimpa kipande cha mkate kila asubuhi kwa kumhurumia. Tukaziba ua, tukazungumza na watoto, tukawaeleza majirani, tukaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Angalia pia dawa: baadhi ya vidonge vya minyoo hutiwa ladha ya nyama. Na ile sindano ya kutuliza muwasho, kama bado inafanya kazi mwilini, itakuficha ukweli. Mwambie daktari uko kwenye jaribio.

Kurudisha ili kuhakikisha

Mbwa akipona, usiseme alhamdulillahi ukaishia hapo. Mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Rudi kwenye chakula kipya mpaka atulie. Kisha jaribu kitu kimoja kimoja kwa wiki mbili: kuku peke yake, halafu maziwa, halafu ngano. Simba alianza kujikuna siku ya tatu baada ya kurudishiwa matumbo. Kuku hakumdhuru, na ndiye anayekula sasa, jambo lililompunguzia mjomba gharama.

Jambo moja zaidi: nyama na viazi pekee si chakula kamili cha maisha. Kinakosa kalsiamu na madini mengine. Kwa mbwa mzima, wiki nane hazina neno. Lakini ukitaka kuendelea kumpikia, muulize daktari cha kuongeza. Mtoto wa mbwa usimjaribu bila daktari.

Najua wapo watakaosema, mbwa najisi, ya nini yote haya? Kwa madhehebu yetu ya Shafi tunajua hukumu: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mpe bakuli na sufuria yake, na suala limekwisha. Lakini pia tunajua kwamba kumweka kwa ulinzi wa shamba na mifugo kumeruhusiwa, na tunajua habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mnyama uliyemfunga langoni hawezi kujitafutia chakula kingine. Anakula unachompa, kikimdhuru ni wewe wa kukibadilisha.