Akiba Ndiyo Uwezo wa Kukataa

Akiba haiozi. Kila mtoto aliyepita shule ya msingi nchini mwetu ameisikia methali hii, na akiulizwa maana yake atajibu kuwa mtu aweke kitu leo ili kesho asilale njaa. Jibu hilo ni sahihi na anastahili alama zake zote. Lakini historia ya nchi yetu, na ya huku kwetu Matongo, inatufundisha maana ya pili ambayo haikuwa katika vitabu vya darasani: mwenye akiba anaweza kusema "hapana". Asiye nayo, hata awe na hekima ya wazee saba, mwishowe atasema "ndiyo" kwa yeyote mwenye fedha mkononi.

Tuanze na wazee wetu. Mkurya wa zamani alikuwa na hazina mbili, ghala la ulezi na mtama, na zizi la ng'ombe. Kwa hazina hizo alilisha watu wake, alioza watoto na kumaliza kesi. Kisha wakaja watawala waliotaka kodi. Waingereza walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922, wakitaka shilingi. Shilingi haioti shambani. Ikabidi mtu auze ng'ombe au auze nguvu zake. Vijana wakaenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, katika machimbo ya dhahabu ya Musoma, na katika jeshi. Mwenye zizi kubwa aliuza ng'ombe mmoja, tena kwa wakati aliouchagua yeye. Mwenye fahali mmoja aliuza siku ya mwisho, kwa bei ya mnunuzi. Kodi ilikuwa moja, lakini haikuwa na uzito mmoja.

Jambo hilo hilo lililipata taifa zima. Ndugu msomaji, wengi tunalikumbuka Azimio la Arusha, lakini tumesahau miaka miwili iliyolitangulia. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa kuwa Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo nchini. Ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakubembeleza; aliwaambia wauondoe na msaada uliobaki. Mwezi Desemba mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa nchi changa hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Tulikataa, na kukataa kule kulikuwa na bei yake.

Hivyo basi, Azimio lilipotangazwa Februari 1967 halikuanguka kutoka mawinguni. Lilikuwa hesabu ya mtu aliyekwisha kuona ankara. Lilisema kuwa fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba nchi inayotegemea zawadi na mikopo kwa kila jambo inauweka uhuru wake rehani. Nalo lilidai kubana matumizi kuanzie juu. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400 waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, nao wakalalamikia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu aliwarudisha makwao, lakini alikubali kuwa mishahara ile ilikuwa mikubwa, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Nimekaa katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na ninajua kuwa hakuna mahubiri ya kubana matumizi yanayosikilizwa kama mhubiri mwenyewe hajakaza mkanda.

Tungependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na mashirika ya umma yaliyokula kuliko yalivyozalisha, vyote vilikomba ghala la taifa. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mwalimu aliyakataa hadharani masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, serikali iliafikiana na shirika hilo hilo. Sitaki kuwalaumu waliokubali. Maduka yalikuwa matupu, na sabuni ilikuwa jambo la foleni. Hatukuwa tumeacha kupenda uhuru. Tulikuwa tumeishiwa na kitu cha kuukalia.

Hapo kuna somo jingine, nalo linamhusu mwenye mshahara. Mwaka 1967 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 7. Mwaka 2000 ilikuwa karibu shilingi 800. Mtu aliyeficha shilingi 1,000 chini ya godoro mwaka wa Azimio, fedha za kununua vitu vingi vya maana, mwaka 2000 alikuta thamani ya dola moja na senti chache. Hakuiba mtu wala hakuingia panya. Majirani zake waliocheka mabenki na kuweka ng'ombe walijiona werevu, mpaka ulipofika wakati wa wizi wa mifugo, hasa bunduki zilipozagaa baada ya vita vya Kagera, na zizi likaamka tupu asubuhi moja. Kila ghala lina mwizi wake. Shilingi huliwa na bei, ng'ombe huliwa na wezi na maradhi, na mavuno huliwa na dumuzi. Kwa hiyo mwenye busara haweki vyote mahali pamoja.

Nayasema haya kwa sababu hapa Matongo tunaishi juu ya dhahabu. Wachimbaji wadogo walichimba Nyamongo kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002. Tangu hapo nimeona familia zikipokea fidia ya shamba, fedha nyingi kuliko mshahara wangu wa miaka. Wapo waliokwenda kwanza kutafuta ardhi mahali pengine, wakanunua na mifugo, na kilichobaki ndipo wakajengea nyumba. Wapo pia walioanza na pikipiki na karamu. Baada ya miaka michache wa kwanza walikuwa wakipanga bei ya mahindi yao, na wa pili walikuwa vibarua wa yeyote aliyewaita. Fidia hulipwa mara moja, lakini shamba lilikuwa likilipa kila mwaka. Anayekula bei ya shamba kana kwamba ni mavuno, amekula mbegu.

Kubana matumizi si uchoyo. Mchoyo hujinyima na kuwanyima wenzake, naye hufa akiwa mtumwa wa sanduku lake. Wala kujitegemea si kuishi peke yako. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wanaokutana kila wiki na kisanduku chenye kufuli tatu, wanajitegemea kuliko wengi wetu, kwa kuwa wanategemeana. Mwanachama akiuguliwa na mtoto, hakimbilii kwa mnunuzi wa mahindi yaliyo bado shambani. Anaweza kungoja bei.

Kungoja bei, kukataa mkataba mbaya, kuacha kazi ya kudhalilisha, kumwambia mgombea abaki na kanga yake na kilo yake ya sukari: hayo ndiyo matunda ya akiba, nayo hayahesabiki katika daftari la benki. Kijana apatapo fedha zake za kwanza asijiulize tu zitamnunulia nini. Ajiulize pia zitamwezesha kukataa nini.