Fosi septiki ilitoka wapi, na kwa nini Kahwa ingali inanuka?

Hapa Bukavu mutu akijenga parseli anachimba fosi septiki, anafunika na beto, anasema: mambo ya choo yameisha. Ukiuliza kitu hicho kilitoka wapi, wengi watajibu "kwa Wazungu" tu. Lakini kiko na historia yake, na ndani yake njo tunaona kosa letu.

Karibu mwaka wa 1860, Vesoul, muji mudogo wa mashariki ya Ufaransa kwenye muto Durgeon, Jean-Louis Mouras alijenga sanduku la mawe lililofungwa vizuri, ili maji ya choo na ya jikoni yapitie humo kwanza. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Alipolifungua alifikiri atakuta limejaa uchafu mugumu. Akakuta maji mingi na tope kidogo. Mwaka wa 1881 akapata hati ya uvumbuzi. Karibu 1895, Exeter kule Uingereza, Donald Cameron akajenga sanduku kama hilo kwa maji ya muji, na jina la "septiki" likaenea.

Nani alikula ule uchafu? Bakteria zinazoishi bila hewa, za aina ileile inayotoa biogazi kwenye mavi ya ng'ombe.

Lakini tusikilize vizuri: sanduku linafanya nusu ya kazi tu. Tope linabaki chini, maji yanatoka yakionekana mepesi, kumbe yangali na vijidudu vya kipindupindu na tifoide, na azoti na fosfori mingi. Waingereza wa wakati ule waliona jambo hilo, wakayapitisha maji tena kwenye vitanda vya changarawe na makaa, mahali hewa inaingia. Nyumbani, kazi hiyo ya pili inafanywa na udongo: unachuja, bakteria za hewa zinamaliza, mizizi inachukua azoti.

Sasa tuangalie kwetu. Bukavu, wakati ule Costermansville, ilianza kwenye rasi za ziwa, nyumba chache na bustani kubwa. Udongo ulikuwepo. Tangu vita vya 1996 watu wa vijiji walikimbilia muji, vilima vya Kadutu vikajaa, nyumba juu ya nyumba. Sanduku la Mouras tulilibakiza. Udongo wake tuliujengea. Maji yakikosa pa kuingia, yanateremka. Na kuna wenye kungojea mvua ya usiku ili wafungue fosi. Yote yanafika Kahwa, kisha Ziwa Kivu. Mama anayemwagilia lengalenga kandokando ya muto anatumia maji hayo. Na kwa sababu Ruzizi inatokea hapahapa, wa chini yetu wanapokea salamu zetu.

Sisemi fosi ni mbaya. Ninasema haijakamilika. Unapojenga, acha kwanza pa maji, kisha upime vyumba. Parseli ikiwa ndogo, majirani kumi waungane, wajenge kitanda kimoja cha changarawe na matete chini ya avenyi yao. Wenzetu wa ujenzi wanajua beto, sisi wa agronomia tunajua udongo. Mouras alifungua sanduku lake akaangalia. Sisi tumefunika, tunaogopa kufungua.