Karatasi za masizi: jinsi matetemeko ya zamani yanavyookolewa

Tarehe 17 Aprili 1889, mwanaastronomia Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa na pendulamu nyeti mno mjini Potsdam, Ujerumani. Hakuwa na habari na matetemeko. Alichotaka ni kupima mivuto midogo kama ile ya mwezi. Siku hiyo mstari wa mashine yake ukavurugika, na mashine nyingine aliyoiweka Wilhelmshaven nayo ikavurugika vilevile. Baadaye akasoma katika jarida kwamba siku hiyohiyo Tokyo ilitikisika. Akaunganisha mambo: mtikisiko wa Japani ulikuwa umepita ndani ya dunia hadi Ujerumani. Ndiyo rekodi ya kwanza tunayoijua ya tetemeko lililotokea mbali.

Sasa, sayansi hii ina taabu moja ambayo wenzetu wa kemia hawana. Mkemia akipoteza matokeo yake, anarudia jaribio kesho. Ufa wa ardhi haurudii kwa matakwa yetu. Tetemeko kubwa la sehemu fulani linaweza kuchukua miaka mia kadhaa kurudi, na mashine zenyewe hazijafikisha hata karne moja na nusu. Kwa matetemeko mengi makubwa tunayo nafasi moja tu ya kuyaona, na nafasi hiyo ni karatasi iliyolala kwenye boksi mahali fulani.

Na ni karatasi ya ajabu. Mashine ya Emil Wiechert wa Göttingen, iliyosambaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 1900, ilikuwa na uzito wa kama tani moja uliosimamishwa kwa namna ambayo ardhi ikitikisika, uzito unabaki nyuma. Tofauti hiyo ilikuzwa kwa nyenzo hadi kwenye sindano nyembamba. Wino haukufaa, maana msuguano wa kalamu ungemeza mitikisiko midogo. Basi walichukua karatasi laini, wakaipaka masizi ya moshi, wakaizungushia kwenye silinda, na sindano ikakwaruza mstari mweupe juu ya weusi. Jioni karatasi ilichovywa kwenye vanishi ili masizi yasifutike. Ukiikuta leo imekunjwa mara nne na vanishi imekauka na kupasuka, kila mkunjo umekula sehemu ya mstari.

Kuzinakili si wazo la juzi. Baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, tume ya uchunguzi ilikusanya nakala za rekodi kutoka vituo vya nchi nyingi na kuzichapa katika atlasi. Harry Fielding Reid akazichambua katika juzuu lililotoka 1910. Ni kazi ya heshima kubwa, kwa sababu atlasi ile iko katika maktaba nyingi. Karatasi ikipotea kituoni kwake, picha yake bado ipo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Uholanzi. Katika kituo cha De Bilt kulikuwa na mashine ya Galitzin, iliyoandika kwa mwanga kwenye karatasi ya picha. Iliyanasa matetemeko ya Parkfield, California, ya 1922, 1934 na 1966. Angalia vizuri: mashine ileile, miaka 44. Katika miaka ya 1980 William Bakun na Thomas McEvilly waliweka michoro hiyo sambamba, na ilifanana kwa kiwango cha kushangaza, kana kwamba ufa ule unarudia sentensi moja. Wakachanganya na matukio ya nyuma (1857, 1881, 1901), wakapata wastani wa miaka 22 hivi, na utabiri rasmi ukatolewa kwamba jingine litakuja kabla ya 1993. Halikuja. Lilikuja Septemba 28, 2004, likiwa na ukubwa wa 6.0. Wapo wanaolicheka jambo hili. Mimi siwaungi mkono: kwa sababu ya utabiri ule eneo lilijazwa vifaa, na tetemeko la 2004 likapimwa kwa karibu kuliko mengi sana. Yote hayo yalianza na karatasi ambazo kuna mtu De Bilt hakuzitupa.

Lakini, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kuskani karatasi pekee hakutoshi. Mstari ule si mwendo wa ardhi. Ni mwendo wa ardhi uliopitia kwenye mashine, na kila mashine ina tabia zake: bembeo moja huchukua sekunde ngapi, inakuza mara ngapi, na ina kizuizi cha kutuliza pendulamu au la. Mashine za mwanzo za John Milne hazikuwa na kizuizi hicho, kwa hiyo ardhi inatulia huku pendulamu bado inabembea, na karatasi inaandika bembeo hilo pia. Usipokuwa na namba hizo, huwezi kurudi kutoka kwenye mstari hadi kwenye ardhi. Namba ziko kwenye daftari la kituo, pamoja na kumbukumbu za saa iliyokuwa ikichelewa au kuwahi. Ajabu ni kwamba daftari ndilo huonekana takataka. Mchoro unapendeza ukutani, daftari linaenda jalalani.

Kwetu hili si jambo la mbali. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ilitikisika eneo la Rukwa, wakati huo koloni la Ujerumani. Nicholas Ambraseys alilichunguza upya katika makala ya 1991, akilikadiria kuwa na ukubwa wa 7.4. Ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Anayetaka kujua majengo ya Sumbawanga yastahimili nini hawezi kulikwepa, na michoro yake iko kwenye makabati ya vituo vya mbali, hasa Ulaya.

Nairobi ina hadithi tofauti kidogo. Katika miaka ya 1960 Marekani ilijenga mtandao wa vituo zaidi ya mia moja vyenye vifaa vinavyofanana, kwa sehemu kubwa ili kugundua majaribio ya mabomu ya nyuklia, na Nairobi ilikuwamo. Karatasi zilipigwa picha kwenye filamu, na nakala zikauzwa kwa watafiti kokote. Woga wa vita ukatuachia hazina ya sayansi. Ila filamu nayo inazeeka, na mstari mwembamba ukipunguzwa kwenye filamu ndogo hugeuka ukungu.

Siku hizi taasisi ya INGV ya Rome ina mradi wa SISMOS wa kuskani rekodi hizi, na kikundi cha Harvard kimeandika programu iitwayo DigitSeis ya kugeuza mistari kuwa namba. Kwenye siku tulivu programu huenda vizuri. Hukwama pale mistari inapopandana, yaani palepale tetemeko lilipokuwa kali zaidi. Hapo mtu anakaa, anashika kipanya, na kuufuata mstari mwenyewe, nukta kwa nukta, akijiuliza kila unapopishana na mwingine ni upi ulikuwa wake.