Kowalski

Kowalski (kwa wanawake Kowalska) ni jina la ukoo la Kipolandi, la pili kwa wingi nchini Poland baada ya Nowak. Limetokana na neno *kowal*, yaani mhunzi, au na majina ya vijiji vilivyoitwa kwa kazi hiyo, kama vile Kowale. Kiambishi *-ski* huunda kivumishi; zamani kilionyesha hasa mahali ambapo mabwana wa ardhi walitoka, kisha kikaenea kwa watu wa kawaida. Wapolandi humwita mwananchi yeyote wa kawaida “Jan Kowalski”. Mwenye jina hili anayejulikana zaidi miongoni mwa Wakatoliki ni mtawa Faustina Kowalska (1905–1938), mtume wa ibada ya Huruma ya Mungu, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2000.